Mkono Uliompikia Seth

Seth Obonyo alianguka mbele ya kwaya yake, Sabato mchana, katika ukumbi wa Kaloleni, mkono wa kulia ukiwa bado juu kuwashikilia watu wa besi. Wanawake wawili walimkimbilia, mkewe Mutheu kutoka upande huu na dada yake Roseline kutoka upande ule, na kabla hawajamgeuza ubavu walikuwa wameshaanza kusukumana.

"Toka hapa," Roseline alisema. "Umeshafanya ya kutosha."

"Shika miguu yake au uondoke," Mutheu akamjibu, huku akivua sweta na kulikunja chini ya kichwa cha mumewe.

Kijana mmoja wa besi, Bwire, aliingia katikati yao. "Wamathee, jamaa anatetemeka hapa chini na nyinyi mnavutana. Mpeni hewa."

Walimpa hewa, lakini hawakupeana nafasi. Seth alipotulia na macho yake kurudi mahali pake, aliwakuta wote wawili wamemwinamia, kila mmoja amemshika mkono mmoja.

Chuki hiyo haikuanza siku ile. Roseline alikuwa amemlea Seth tangu mama yao afariki, akauza samaki soko la Jericho mpaka ndugu yake akamaliza chuo cha ufundi na kuingia karakana ya reli, kama baba yao. Nyumba ya Kaloleni ilikuwa ya baba tangu enzi zake relini, na mzee alipoaga ikabaki kwa Seth. Roseline alikuwa tayari kumpokea mke yeyote atakayeingia nyumba ile kwa adabu. Akaletewa Mutheu, msichana wa Kikamba kutoka Kitui aliyefanya kazi kiwanda cha sabuni Baba Dogo, asiyejua Kijaluo, asiyeinamisha macho akisemwa, na aliyebatizwa Msabato miezi michache tu kabla ya harusi. Mkesha wa harusi Roseline alimwambia mbele ya shangazi zake kwamba wanawake wa aina yake huolewa na nyumba, si na mtu. Mutheu alimtazama akamwambia basi nyumba imepata mke mzuri. Celine alipozaliwa, wakawa wanasalimiana kupitia kwa mtoto. Roseline angesimama mlangoni na kusema, "Celine, mwambie mama yako nimefika," na Mutheu angejibu, "Mwambie shangazi mlango uko wazi."

Seth alipoanza kuanguka, mara ya kwanza nyumbani na mara ya pili karakanani, karibu sana na mashine, Roseline hakuficha kwamba alishuku uchawi.

"Wakamba mna vitu vyenu," alisema. "Ndugu yangu analiwa nikiona kwa macho."

"Tungekuwa na vitu hivyo," Mutheu alisema, "wewe ungekuwa bado unaongea?"

Baada ya lile la ukumbini, Mutheu alimpeleka mumewe hospitali kubwa, kichwa kikapigwa picha kwa ile mashine ya mviringo. Siku ya majibu Roseline alijileta mwenyewe, akavuta kiti, akakaa kati ya Mutheu na mlango. Daktari aliitwa Ruqiyo, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, asiyependa kurudia jambo. Aligeuza kompyuta ili wote watatu waone. Ndani ya kichwa cha Seth kulikuwa na vidoa vya mviringo kama mapovu, na kila povu lilikuwa na kitone kidogo ndani yake.

"Hivi ni vifuko vya tegu," alisema. "Tegu wa nguruwe. Ndani ya kila kifuko kuna mtoto wake."

"Mimi sijawahi kula nguruwe, daktari," Seth alisema. "Tangu nizaliwe."

"Nakuamini. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri hupata tegu mzima tumboni, na anaweza kukaa naye miaka asijue. Mtu huyo ndiye anayetoa mayai chooni. Mayai hayaonekani kwa macho. Yakibaki mkononi yanaingia kwenye chakula, na yule anayekila ndiye anayepata vifuko kichwani." Akawatazama kwa zamu. "Kwa hiyo kuna mtu, pengine wa karibu, anayekupikia au aliyekupikia. Nataka kila anayeishi nyumba hiyo alete choo kipimwe."

Mutheu alijua kitu ambacho hakuna mwingine chumbani aliyekijua. Huko Baba Dogo, nyuma ya kiwanda, palikuwa na kibanda cha nguruwe wa kuchoma ambapo wasichana wa zamu walikula pamoja siku za mshahara. Ubatizo wa Kisabato, unaokataza nguruwe, ulimtoa pale kwa muda tu. Kila alipokwenda kuwasalimia wenzake wa zamani, alikula vipande kadhaa, akanawa mdomo, akarudi Kaloleni kukaa kwenye kiti cha mke wa mwalimu wa kwaya.

Roseline alikuwa anamtazama. Hakujua lolote, lakini alikuwa anamtazama.

"Apewe dawa ya minyoo basi, tumalize," Roseline alisema.

"Hapana," Daktari Ruqiyo alisema, na kwa mara ya kwanza akapandisha sauti. "Nisikilizeni hapa. Huyu mdudu akiwa hai anajificha. Anatoa kemikali zinazowatuliza askari wa mwili, wanampita kama hawamwoni. Kifuko kimoja kimeanza kufa chenyewe, ndiyo maana Seth anaanguka. Mdudu akifa, ule ulinzi wake unaisha. Askari wanamgundua, wanatumiana ishara, wanaitana kutoka kila upande, na pale wanapokusanyika panavimba. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo uko ndani ya mfupa. Nikiwaua wote kwa pamoja bila kuwatuliza askari kwanza, si mdudu atakayemuumiza. Ni mwili wake mwenyewe."

"Kwa hiyo tunangoja nini?"

"Apimwe macho, maana kifuko kikiwa ndani ya jicho dawa inaweza kumpofusha. Apimwe kifua, kwa sababu dawa ya kutuliza uvimbe huamsha kifua kikuu kilicholala. Kisha nitamlaza, nimpe ya uvimbe, ndipo nimpe ya kuua. Kwa sasa atakunywa hizi za kuzuia kuanguka, basi."

Waliondoka na dawa za kuzuia kuanguka na vikopo vya plastiki vya kuletea choo.

Seth alirudisha chake, na cha Celine kikarudishwa. Cha Mutheu kilibaki juu ya kabati la jikoni, kitupu. Kila asubuhi alijiambia ni kesho. Alianza kunawa mikono kama mtu aliyeshika sumu, kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Alimlisha Celine kwa kijiko asimguse. Seth alimuuliza mbona anajichubua hivyo.

"Daktari amesema tuwe safi," alijibu.

"Na choo chako umepeleka?"

"Nimekwambia nitapeleka."

Miadi ya kupimwa macho nayo ilisogezwa mbele kwa sababu mashine ya kliniki iliharibika. Roseline alipiga simu kuuliza kama matibabu yameanza, akaambiwa bado. Akapiga tena, bado. Alipopata habari kutoka kwa ndugu yake kwamba mkewe hajapeleka hata kikopo, aliona picha yote ikiwa wazi mbele yake. Mwanamke yule hataki dawa ianze. Anangoja Seth afe abaki na nyumba.

Basi Roseline akafanya lile ambalo kwa maoni yake dada yeyote angefanya. Seth alikuwa amepewa likizo ya ugonjwa na alikuwa akitembea mpaka Jericho mchana kukaa na dada yake kibandani. Roseline alinunua dawa ya minyoo duka la dawa, ileile wanayopewa watoto shuleni, akamwambia Seth ni vitamini za kumrudishia nguvu. Alimpa kila siku pamoja na chakula, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa mkubwa, alimpa zaidi ya zile za mtoto. Siku za mwanzo Seth alichangamka hata akaimba kidogo. Roseline alimtazama akila samaki na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze.

Kisha kichwa kikaanza kuuma. Seth aliamka akiwa amekishika kwa mikono yote miwili. Alitapika chai. Alipojaribu kufunga vifungo vya shati, mkono wa kushoto haukumtii, akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kabla Mutheu hajapata teksi, alianguka, na safari hii kutetemeka hakukukoma.

Kwenye chumba cha dharura walimwekea oksijeni na sindano. Daktari kijana wa zamu aliona homa, akaona shingo imekaza, akaanza kuzungumza habari za maambukizi ya utando wa ubongo na kumtoa maji ya uti wa mgongo. Mutheu alimweleza kuhusu vifuko. Roseline alifika akihema, magamba ya samaki yakiwa bado kwenye aproni.

"Amekunywa dawa gani nyingine?" daktari aliuliza. "Chochote. Ya dukani, ya mitishamba, chochote."

"Za kuzuia kuanguka tu," Mutheu alisema.

Daktari alimgeukia Roseline. Roseline alitazama sakafu.

"Mama, unanisikia? Nikidhani ni maambukizi, kuna dawa nitaogopa kumpa. Nikidhani ni uvimbe, ndiyo ya kwanza nitakayompa. Sitaki kubahatisha na kichwa cha mtu."

"Nilimpa ya minyoo," Roseline alisema.

"Siku ngapi?"

"Nyingi."

Daktari aligeuka akaanza kuita manesi, akimtaja Ruqiyo, akitaja dawa ya kushusha uvimbe. Mutheu hakusikia zaidi. Alimvamia Roseline akamshika kitambaa cha kichwa pamoja na nywele zilizokuwa chini yake, akamvuta mpaka ukutani. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, maneno yaleyale, "Daktari alikwambia. Ulikuwa umekaa pale. Daktari alikwambia." Roseline hakujitetea kwa mikono. Alisema, "Ungeanza matibabu, nisingeanza mimi," na walinzi wawili wakawatenganisha na kuwatoa nje, mmoja mlango huu, mwingine mlango ule.

Seth hakufa. Dawa ya uvimbe iliingia mapema kuliko ambavyo ingeingia kama Roseline angeendelea kunyamaza, na Daktari Ruqiyo alilisema hilo, kwa haki, mbele ya Mutheu. Alisema na lingine. "Na wewe, kikopo chako kiko wapi?"

Mutheu alikipeleka kesho yake. Majibu yalipotoka aliitwa peke yake, na alijua kabla hajakaa.

"Una tegu," Ruqiyo alisema. "Siwezi kuapa kwamba mayai yaliyofika kwa Seth yalitoka kwako. Vifuko vinaweza kukaa kichwani miaka kabla havijamsumbua mtu. Lakini ukiniuliza ninachodhani, unakijua."

"Mtoto?"

"Choo chake ni safi na haonyeshi dalili. Tutamfuatilia. Wewe nitakupa dawa inayobaki tumboni, haiingii damuni, kwa sababu na wewe sijui kichwani una nini mpaka tukupige picha." Alisubiri Mutheu ajipanguse uso. "Nani mwingine amekula mara kwa mara kwako?"

Mutheu alitaka kusema hakuna. Lakini Maurine, binti wa Roseline, alikuwa akikaa kwao kila likizo, na Roseline mwenyewe, pamoja na chuki yake yote, alikuwa amekula meza ile kila Sabato. Angeweza kunyamaza. Ilimjia wazi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Roseline alikuwa na hatia, yeye alikuwa mke aliyedhulumiwa, Kaloleni nzima ilikuwa upande wake, na watu wa kwaya walikuwa wanampelekea uji wodini.

"Mnaweza kuwapigia nyinyi?" aliuliza.

"Naweza. Nitawaambia waje wapimwe. Hawatakosa kujua ni kwa sababu gani."

Kwa hiyo alimwambia Seth kwanza. Alimkuta amelazwa na mto mgongoni, mkono wa kushoto umelala juu ya blanketi. Alimweleza yote, kibanda cha Baba Dogo, vipande vya nguruwe, kikopo juu ya kabati. Seth alisikiliza akitazama dirisha.

"Ungeniambia unakula," alisema baadaye, ulimi ukiwa bado mzito, "ningekasirika, halafu ningenyamaza. Tungepimwa wote siku ileile."

"Niliogopa."

"Uliogopa dada yangu. Kichwa changu hukukiogopa."

Akageukia ukuta. Mutheu alikaa mpaka muda wa wageni ukaisha na hakugeuka tena.

Huko Jericho, Roseline alikuwa akipara samaki alipomwona Mutheu anakuja. Hakuacha kisu.

"Umekuja kunipiga tena?"

"Nimekuja kukwambia mkapimwe, wewe na Maurine. Tegu ametoka kwangu."

Kisu kikasimama. Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wameshageuza shingo. Mutheu aliona tabasamu dogo, baya, likianza upande mmoja wa mdomo wa Roseline, na akajua ni furaha ya mtu aliyesema jambo miaka mingi bila ushahidi na sasa ameletewa ushahidi mpaka mlangoni.

"Nilisema," Roseline alisema, akipandisha sauti ili vibanda vyote visikie. "Sikusema? Nilisema ndugu yangu analiwa, na mkono unaompikia ndio unaomla."

"Sema kabisa. Ukimaliza, nami nitawaeleza ulichokuwa unamlisha hapa hapa kibandani ukimwita vitamini."

Samaki alikuwa mkononi mwa Roseline, nusu ana magamba, nusu hana. Tabasamu lilikwisha.

"Mimi nilitaka kumponya," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Najua. Ndiyo maana sijakuja na polisi."

"Na wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka usishinde."

Roseline aliinamisha kichwa, akamalizia kupara upande wa pili. Kisha akamwambia, bila kumtazama, kwamba Maurine yuko shule, atamtoa Ijumaa, na kwamba Mutheu aondoke kwa sababu anamfukuzia wateja.

Wote wawili, mama na binti, walikuwa safi. Uvimbe wa Seth uliposhuka na macho yake kupimwa, Daktari Ruqiyo alianza tena dawa ileile ya minyoo, safari hii kwa kipimo chake, akiwa wodini, ile ya kutuliza uvimbe ikitangulia. Roseline alimuuliza kwa ukali ni vipi dawa iliyokaribia kumuua sasa ndiyo ya kumponya. Daktari akamwambia dawa haikuwa na kosa. Alisema mwili wa Seth hautaki kazi hiyo ifanywe kwa haraka wala kwa siri. Wanawake wawili waliendelea kuja, kila mmoja upande wake wa kitanda. Siku moja walianza kubishana juu ya nani amfute uso, na Seth akafungua macho.

"Mmoja aliniwekea wadudu, mwingine akawaamsha askari," alisema. "Na kichwa kinachouma ni changu. Nyamazeni, au msije."

Walinyamaza, na waliendelea kuja.

Picha ya mwisho ilionyesha vifuko vimekauka, isipokuwa kovu moja dogo gumu ambalo daktari alisema litabaki, na kwa ajili yake Seth ataendelea na dawa za kuzuia kuanguka. Hakurudi kwenye mashine. Karakana ilimhamishia stoo, kugawa vifaa. Mkono wa kushoto ulirudi nusu. Kwaya sasa iliongozwa na Bwire, na Seth aliketi na watu wa besi, akiimba akiwa amekaa. Kwa majuma mengi alilala chumba kimoja na Celine, na aliporudi kwa mkewe hakusema kilichomrudisha, wala Mutheu hakuuliza.

Roseline hakula tena nyumba ile. Alikuja kila Sabato baada ya ibada na sufuria yake imefungwa kwa kitambaa, akaiweka mezani kando ya ya Mutheu, akakaa kiti cha mlangoni. Mara ya kwanza Seth alizitazama sufuria zote mbili kwa muda, kisha akachukua sahani, akapakua huku na huku, mboga za Mutheu na samaki wa Roseline, akavuta kiti chake. Wanawake wale hawakugusa chakula. Alikula taratibu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa mapajani, mpaka akamaliza vyakula vyote viwili.